Kujitolea na Kushurutishwa: Habari za Usafi Chimala

Msafiri atokaye Makambako kwenda Mbeya hufika Chimala akiwa na safu ya milima ya Kipengere kushotoni kwake na tambarare za Usangu kuliani. Mji huu haukukuzwa na bandari wala na boma kubwa. Umekuzwa na mchele, barabara na reli. Barabara kuu iendayo Zambia ilipotiwa lami, na reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, wakaja abiria, na pamoja na abiria zikaja takataka.

Sisemi hivi kwa mzaha. Nyumbani kwa mkulima wa zamani taka zilikuwa pumba, majivu, vigunzi na maganda. Pumba zililiwa na kuku, majivu yakatiwa shambani, vigunzi vikawashiwa moto. Hapakuwa na cha kuokota. Lakini chupa ya plastiki irushwayo dirishani mwa basi haina kuku wa kuila.

Niliteremka Chimala Jumamosi moja, nikakuta vijana na akina mama wameshika magunia na fagio za miti, wakiokota taka kutoka kituo cha mabasi hadi darajani. Hawakuwa na mnyapara. Nilisimama nikawatazama, nikajiuliza kama babu zao wangaliitambua kazi ile.

Maana historia ya kazi ya pamoja katika nchi hii ina pande mbili. Kulima shamba la jirani kwa zamu, pombe ikingoja chini ya mti, ni jambo la kale. Walakini Wajerumani walikuja na kodi, na asiyekuwa na fedha alijikuta akichimba barabara. Waingereza nao wakawatumia machifu kuwatoa watu kazini. Hata jambo jema likachukiza: huko Uluguru mwaka 1955 watu waliyakataa matuta ya kuzuia mmomonyoko, ghasia zikazuka, na mpango wote ukaachwa. Udongo uliendelea kuporomoka, lakini watu walikwisha kukataa kuamrishwa.

Ndipo baada ya Uhuru wa 1961 neno *kujitolea* likapata nguvu mpya. Litazameni neno lenyewe: mtu hatolewi na mwingine, hujitoa. TANU ilipotangaza Uhuru na Kazi, watu walijenga madarasa na kuchimba visima. Mfano ulio bora, kwa maoni yangu, ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, wakajadiliana. Kisha ndipo wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mjadala ulitangulia jembe. Huu ndio utaratibu tulioupoteza mara nyingi baadaye, na sijui kwa nini tunaona aibu kuukumbuka.

Mwaka 2015, kipindupindu kilipokuwa kikiua watu, Rais John Magufuli alifuta sherehe za tarehe 9 Desemba akaagiza siku hiyo iwe ya usafi, naye mwenyewe akaonekana akizoa taka Dar es Salaam. Baadaye ikawekwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Agizo lilizaa matunda. Walakini katika miji kadhaa maduka yalifungwa mpaka saa 4 asubuhi, na aliyekiuka alitozwa faini. Je, atozwaye faini amejitolea? Wengine watasema swali hili ni la wenye nafasi ya kukaa na kuchambua maneno, na kwamba kipindupindu hakingoji sarufi. Nakubali nusu yake. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa amri kavu, nayo ilipunguza uchafu ambao fagio zote za Usangu zisingaliumaliza. Serikali yafaa imwamrishe mtengenezaji na muuzaji. Lakini aokotaye, aachwe ajitoe.

Mto Chimala huporomoka kutoka mlimani, ukaingia Usangu na kumwaga maji yake katika Ruaha Mkuu, uendao Mtera na Kidatu. Ndiyo sababu wale niliowaona waliteremka hata ukingoni, miguu matopeni, wakinasua mifuko iliyoshikwa na matete. Walipomaliza walipanga magunia kando ya lami. Nikawauliza yanapelekwa wapi. Mama mmoja akanyoosha mkono upande wa Igurusi, akaniambia kwamba wanangoja trekta.