Kuhesabiwa Nyumbani: Krismasi ya Wachagga na Mizigo ya Ukoo

Safari ya Wachagga kurudi Kilimanjaro kila Desemba kwa ajili ya Krismasi inajulikana Tanzania nzima, na watani wao wameipa jina la "kuhesabiwa", kwa maana kwamba mtu hupanda mlimani ili wazazi na ukoo wamwone na wajue kuwa yupo. Ingawa jina hilo ni la utani, limebeba ukweli ambao mwanahistoria hapaswi kuupuuza, kwa kuwa anayehesabiwa huweza pia kuonekana amepungukiwa: hajajenga, hajaoa, hajazaa, au hajamaliza ugomvi wake na kaka yake. Wasiwasi unaoisindikiza sikukuu hiyo una umri mkubwa kuliko sikukuu yenyewe huko mlimani, na mzizi wake umo katika ardhi.

Kihamba, yaani shamba la familia linaloizunguka nyumba na kupandwa migomba na kahawa, hurithiwa kwa upande wa baba, na humo ndimo wafu wa familia huzikwa. Kwa desturi, mwana wa kwanza alipewa kihamba chake na kitinda mimba alibaki na kihamba cha wazazi pamoja na wajibu wa kuwatunza, ilhali wana wa katikati walisubiri kutafutiwa ardhi mpya au kujitafutia wenyewe. Mpango huo ulivumilika maadamu kulikuwa na pori la kufyeka. Lakini kahawa, ambayo wamisionari Wakatoliki wa Kilema waliianzisha mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo kufikia mwaka 1933 ilikuwa na chama kikuu cha ushirika cha wakulima, KNCU, ilikipa kila kipande cha ardhi thamani ya fedha, wakati huohuo watu wakizidi kuongezeka. Ndipo kuondoka kwenda kutafuta kazi Tanga, Arusha au Dar es Salaam kulipoanza kuwa sehemu ya mpango wa familia, na kila aliyeondoka alibeba moyoni swali la nafasi yake nyumbani.

Krismasi iliukuta mlima ukiwa na mikutano yake. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga misheni Kilema na Kibosho, na Walutheri wa Misheni ya Leipzig waliingia Machame mwaka 1893; wote walipinga matambiko, yaani sadaka kwa mizimu ya mababu, lakini hawakuweza kufuta haja ya ndugu wa ukoo mmoja kuchinja pamoja na kugawana nyama. Mlutheri Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa sehemu kubwa ya miaka kati ya 1902 na 1938, alikwenda mbali zaidi, kwa kuwa alishikilia kwamba usharika wa Kikristo hauna budi kujengwa juu ya ukoo na ujirani badala ya kuvivunja. Hapo awali kuchinja kulifuata ugonjwa, kifo au mambo mengine yaliyoisibu familia. Krismasi iliupa ukoo tarehe ambayo hata aliye mbali aliijua tangu Januari. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, huo ndio mchango mkubwa wa sikukuu hiyo katika maisha ya Kichagga, na ndiyo sababu haikubaki kuwa ibada ya kanisani pekee.

Usafiri ulikamilisha kazi hiyo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mwaka 1963 ikaunganishwa na Reli ya Kati, hata ikawezekana kusafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam. Baada ya treni ya abiria kusimama kwa zaidi ya miaka 20, ilirejeshwa Desemba 2019, mwezi ambao msafiri wa Moshi asingehitaji kuelezwa kwa nini ulichaguliwa.

Kinachotokea baada ya msafiri kufika kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mbuzi huchinjwa mgombani, nyama hutandazwa juu ya majani ya migomba, na damu hukingwa kwa ajili ya kisusio, ambacho ni supu ya damu na nyama. Kila sehemu ya mnyama ilikuwa na mwenyewe kulingana na umri na daraja lake katika ukoo, hivyo aliyepokea fungu lake mbele ya wengine aliambiwa bila maneno kwamba kiti chake kipo, na aliyerukwa alijua kwamba ana kesi. Sally Falk Moore, mwanasheria na mwanaanthropolojia aliyeanza utafiti wake mlimani miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, alionyesha jinsi sheria za kimila za Wachagga zilivyoishi ndani ya mahusiano ya namna hii ya ndugu na majirani, na si katika mabaraza ya watawala tu. Pembeni ya nyama kulikuwa na mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi inayotiwa ukali kwa magome ya msesewe, ambayo huchukua siku kadhaa kuiva. Na siku hizo zilikuwa za wanawake. Uchovu wa mke wa mwana, anayepika kwa wakwe huku akiwaza lini atawaona wazazi wake mwenyewe, ni sehemu ya historia hii ambayo imeandikwa kidogo mno.

Baada ya kula huja kikao cha familia, na hapo ndipo hasira za mwaka mzima hupewa nafasi ya kusemwa kwa zamu mbele ya wazee: nani amchangie mama dawa, nani amesogeza mpaka, nani asomeshe watoto wa marehemu. Binti alikaa pembezoni mwa kikao hicho, na tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 liliuimarisha ubaguzi huo kwa kumweka mwanamke nyuma ya wanaume katika urithi. Hukumu ya Mahakama Kuu mjini Mwanza mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory lililotoka Kagera, ilimpa mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume, na tangu hapo binti anayedai sehemu ya kihamba ana hoja ya kisheria mkononi, hata kama kaka zake hununa.

Palipokuwa na jeraha ambalo kikao hakikulimaliza, palikuwa na sale, jani refu la mmea wa isale unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Aliyekosa alilipeleka jani hilo, au alimtuma mtu wa kumwombea, na aliyepelekewa hakutarajiwa kukataa, hata kama moyo wake ulikuwa bado unauma. Msamaha ulitangulia, na moyo uliachiwa muda wa kuufuata. Mapatano ya aina hiyo yalidai mjumbe, kusubiri, kisha ndugu kunywa mbege pamoja, nayo ni mambo ambayo familia inayokutana tarehe 24 na kutawanyika tarehe 27 haiyapatii nafasi kwa urahisi. Wengi huondoka Moshi alfajiri wakiwa wamekula na kupiga picha pamoja, huku neno lililowaleta halijasemwa, na isale ingali imesimama mpakani, majani yake hayajachumwa.