Soda anaporudi nyumbani

Bandugu wa chama, na ninyi wafadhili wetu,

Kwenye mkutano uliopita mama mmoja aliuliza: "Huyu kijana alikuwa soda. Tumuingize kwenye likelemba ama hapana?" Watu wakanyamaza, hata mimi. Njo maana naandika leo.

Hapa Likasi basoda wa miguu tunawajua tangu zamani. Wakati wa Wabeleji, soda wa Force Publique alifungwa miaka saba, alichapwa fimbo akikosea, na bibi yake alikaa naye kampi. Mwaka 1916 walitembea kwa miguu mpaka Tabora kupigana na Wadachi. Katika vita vile wapagazi zaidi ya 200,000 waliwabebea chakula na risasi kichwani. Wapagazi wengi walikufa njiani kwa njaa na magonjwa.

Mwezi wa 9 mwaka 1961, mji wetu ukiitwa bado Jadotville, basoda wa Ireland wapatao 155, waliotumwa na ONU, walizungukwa hapa na jeshi la Katanga. Walipigana siku tano. Maji na risasi vikaisha, wakajitoa. Wote walirudi kwao hai, lakini huko walinong'onwa kuwa ni waoga. Ilipita zaidi ya miaka 40 ndipo serikali yao ikawapa heshima.

Na wale waliowazunguka? Katanga iliposhindwa mwezi wa kwanza 1963, jandarme wengi walivuka kwenda Angola. Mwaka 1977 na 1978 Batigre waliingia Shaba na bunduki. Waliposhindwa, raia wengi nao wakakimbia Angola. Wazee wengine wa chama wanaikumbuka safari ile. Mwaka 1997 Batigre walirudi tena pamoja na AFDL, na safari hii kulikuwa na bakadogo, watoto walioshika bunduki wakati wenzao wanashika kaye.

Mengi yamebadilika. Fimbo ilikwisha, upagazi ule wa Wabeleji pia. Soda wa leo anapanda kamyo, ana telefone, na mjini mshahara wake unapitia benki. Lakini siku anapovua nguo za jeshi, mambo ni yale yale: anarudi mikono mitupu, na jirani wanamuangalia kwa jicho baya.

Ninyi pia mliporudi, si mliangaliwa hivyo hivyo? Wengine waliulizwa mlikuwa upande wa nani. Aliyewafungulia mlango wa kwanza mnamkumbuka mpaka leo.

Basi jibu langu kwa mama yetu ni hili: tumuingize. Alete mtu mmoja wa kumsimamia, aanze na mchango mdogo, na apokee zamu ya mwisho mpaka tumjue. Akifanya ubaya, sheria ya chama iko kwa ajili yake kama ilivyo kwetu wote. Wafadhili, mkiweza, ongezeni nafasi moja kwenye mafunzo ya useremala.

Tutaamua pamoja kwenye mkutano ujao. Njooni wengi.