Waya uliochubuka na ajali ya ndege iliyoua watu 95

MACHI 1, 1962, ndege aina ya Boeing 707 ya Shirika la American Airlines ilianguka katika Ghuba ya Jamaica, jijini New York, Marekani, takriban dakika mbili baada ya kuruka. Watu wote 95 waliokuwamo, abiria 87 na wafanyakazi wanane, walipoteza maisha.

Uchunguzi rasmi ulihitimisha kuwa mfumo wa usukani wa mkia ulipata hitilafu. Jambo lililoelekea zaidi kuwa chanzo chake ni shoti ya umeme, iliyotokana na nyaya zilizoharibiwa kiwandani kabla kifaa hicho hakijafungwa kwenye ndege.

Ndege hiyo, iliyokuwa ikielekea Los Angeles, iliruka saa 4:07 asubuhi kutoka Uwanja wa Ndege wa Idlewild, ambao tangu Desemba 1963 unaitwa John F. Kennedy. Ilianza kukata kona kushoto, kama ilivyotakiwa ili kuwapunguzia kelele wakazi wa maeneo ya jirani.

Badala ya kunyooka baada ya kona, iliendelea kulala upande hadi ikapinduka, kisha ikashuka karibu wima na kujikita kwenye maji ya kina kifupi. Siku hiyo umati mkubwa ulikuwa mitaani New York kumlaki John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani.

Usukani wa mkia huelekeza pua ya ndege kushoto au kulia. Ukisukumwa kushoto, bawa la kulia hukata hewa kwa kasi zaidi na kuinuka, hivyo ndege hulalia kushoto. Katika ndege zenye mabawa yaliyoelekezwa nyuma kama Boeing 707, athari hiyo huwa kubwa zaidi.

Marubani huusogeza kwa miguu, lakini mota ndogo ya umeme nayo huweza kuusogeza kwa amri ya mfumo wa kujiendesha. Nyaya za mota hiyo zikigusana, usukani waweza kwenda upande mmoja bila kuamriwa na mtu.

Ubaya ni kwamba ndege ilikuwa tayari ikilalia kushoto kwa kona ya kawaida. Dalili za mwanzo za hitilafu zingeweza kufanana na kona yenyewe, na kwa kuwa ndege ilikuwa haijafika hata mita 600 kutoka ardhini, muda wa kugundua na kusahihisha ulikuwa mfupi mno.

Bodi ya Anga ya Kiraia ya Marekani, CAB, iliwafuata watengenezaji wa vifaa hivyo, Kampuni ya Bendix, katika kiwanda chao cha Teterboro, jimbo la New Jersey. Huko wachunguzi waliwakuta mafundi wakitumia vibano kufunga matita ya nyaya, na kwa kufanya hivyo kuzichubua.

Bendix ilikanusha. Ilidai kuwa kila kifaa kilipitia ukaguzi mara 61 wakati wa kutengenezwa, mbali na ule wa wakati wa kufungwa na kufanyiwa matengenezo, hivyo kasoro ya namna hiyo isingeweza kupita bila kuonekana.

Hata hivyo, ripoti ya CAB ya Januari 1963 ilishikilia kuwa shoti ndiyo iliyoelekea zaidi kuwa chanzo. Ndege za abiria za Marekani hazikuwa bado zimelazimishwa kubeba vinasa sauti vya chumba cha marubani, hivyo maneno yao ya mwisho humo hayakuweza kusaidia uchunguzi.

Tangu wakati huo umeme umepewa kazi kubwa zaidi angani. Airbus A320, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1988, huongozwa kwa ishara za umeme zinazopita katika kompyuta kadhaa, ili moja ikiharibika nyingine ishike nafasi yake. Kanuni za usanifu wa ndege kubwa za abiria sasa zinataka hitilafu moja pekee isitoshe kuiangusha ndege.