Mazuku tunaijua. Radoni je?

Wandugu, ukimuuliza mtu wa Goma ao wa Sake mazuku ni nini, hahitaji diploma kukueleza. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia kwenye mashimo ya mawe ya volkano. Mbuzi anashuka asubuhi kula majani, harudi. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, na wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanaandika neno letu hilohilo, mazuku.

Jina lilipatikana kwa sababu maiti ilionekana. Lakini kuna gesi nyingine ya ardhini isiyoacha maiti mlangoni. Radoni inazaliwa na urani, ambayo iko kidogo kidogo karibu katika kila mwamba na udongo. Urani inageuka kuwa radiumu, radiumu inageuka kuwa radoni, nayo inapanda kupitia nyufa za sakafu. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta miaka mingi, mionzi yake inaharibu mapafu. OMS inaihesabu kuwa sababu ya pili ya kansa ya mapafu, nyuma ya sigara.

Ilichukua muda mrefu kuijua. Kule Schneeberg, Ujerumani, wachimba madini walikufa kifua kwa karne nyingi, watu wakasema ni ugonjwa wa mlima tu. Mwaka wa 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, wakaonyesha kwamba ni uvimbe wa mapafu. Radoni yenyewe ilikuwa bado haijagunduliwa. Hiyo ni 1900.

Na sisi tumo katika historia hii. Mwaka wa 1915 urani ilipatikana Shinkolobwe, Katanga. Kuanzia 1922 mawe yake yalitolewa radiumu kule Olen, Ubelgiji, na baadaye yakaingia katika bomu la Hiroshima. Bomu tunalizungumza sana. Wakongo waliochimba na kubeba yale mawe, na hewa waliyoivuta humo, hatuzungumzi.

Nyumba za watu zilishtukiwa wakati gani? Desemba 1984, Pennsylvania, Marekani. Stanley Watras alikuwa akifanya kazi katika kituo cha nyuklia cha Limerick kilichokuwa bado hakijaanza kutoa umeme. Mashine ya kupima mionzi ikawa inalia kila akipita. Kumbe mionzi hakuitoa kazini, alitoka nayo nyumbani! Walipopima nyumba yake wakakuta karibu bekereli 100,000 kwa mita moja ya ujazo. OMS, tangu 2009, inashauri isizidi 100, na pale isipowezekana, 300.

Sisemi Uvira ni Pennsylvania. Ila tuko katika bonde la ufa lilelile la Goma, chini ya milima ya Mitumba, na namna yetu ya kujenga inabadilika. Nyumba za wazee zilikuwa na nafasi kati ya ukuta na bati, upepo wa ziwa unapita. Leo munajenga kwa saruji, plafo, madirisha ya vioo, na usiku tunafunga kila kitu kwa ajili ya mbu na wezi. Gesi ikiingia, itatokea wapi?

Kupima si jambo la ajabu. Kidude kidogo cha plastiki kinawekwa katika chumba cha kulala cha chini kabisa, mbali na dirisha na jiko, miezi mitatu hivi. Kisha laboratware inahesabu alama ambazo mionzi imechora ndani yake. Wadogo zetu mnaotafuta mada ya mémoire, nyumba kumi Kavimvira na kumi Kalundu zinatosha kuanzia.

Namba ikiwa juu, nyufa za sakafu zinazibwa na madirisha yanafunguliwa kila siku. Ikiwa juu sana, kunapitishwa bomba kutoka chini ya sakafu hadi juu ya paa, na feni ndogo ya kuvuta hewa. Ya Watras ilitengenezwa hivyo, familia ikarudi. Feni inataka umeme usiokatika, na huo munaujua, basi kwetu tuanze na madirisha na nyavu za mbu.