Nyimbo za Ituri zilizosafiri mbali: kazi ya Hugh Tracey, mtu wa redio

Mwaka 1952, Kongo ikiwa bado chini ya Wabelgiji, gari moja lilifika kandokando ya msitu wa Ituri likiwa limebeba mashine ya kurekodi sauti. Mwenye gari aliitwa Hugh Tracey, mtayarishaji wa vipindi vya muziki vya redio. Wageni wengi wa wakati ule walivutwa na dhahabu ya Kilo. Yeye alikuja kutafuta nyimbo. Alirekodi Wabira, Wambuti na Wanande, pamoja na Wabudu.

Tracey alizaliwa Uingereza mwaka 1903. Akiwa bado kijana alikwenda Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kufanya kazi kwenye shamba la tumbaku la kaka yake. Huko aliwasikia wafanyakazi wakiimba kwa Kikaranga. Akajifunza lugha, kisha nyimbo. Mwaka 1929 aliwapeleka vijana 14 wa Kikaranga hadi Johannesburg ili sauti zao ziwekwe kwenye sahani za muziki.

Mwaka 1936 alipewa kuongoza studio za Durban za SABC, redio ya taifa ya Afrika Kusini. Alikaa huko mpaka 1947. Baadaye aliacha kiti cha mkuu wa studio, akaingia barabarani, huku akiendelea kutayarisha vipindi vya muziki wa Afrika. Kampuni ya sahani ya Gallo ilimsaidia. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, inayojulikana kwa herufi ILAM, karibu na Johannesburg. Mkusanyo wake mkubwa una sahani zaidi ya 200, kutoka nchi nyingi za Afrika. Alifariki mwaka 1977.

Wanaofanya kazi ya redio watamwelewa vizuri. Kijijini hakukuwa na umeme, kwa hiyo alitembea na jenereta. Jenereta ina kelele, basi iliwekwa mbali na waimbaji na waya mrefu ukavutwa. Mikro aliishika mwenyewe mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji, halafu kwa ngoma, kufuata wimbo unakoelekea. Sahani za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Ngoma iliyochezwa usiku kucha ilibidi ikatwe, wachezaji wakaanza na kumaliza kwa ishara yake.

Kazi haikuishia hapo. Kwa kila wimbo aliandika kadi: jina la wimbo, lugha, mahali, vyombo vilivyopigwa, na mara nyingi jina la mwimbaji. Mwaka huohuo wa 1952, huko Jadotville, sasa Likasi, alimrekodi kijana mpiga gitaa aliyekuwa akipiga barabarani. Jina likaandikwa, na leo dunia inamjua: Jean Bosco Mwenda.

Faida ya kadi hizo ilionekana Kenya. Mwaka 1950 Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Zaidi ya miaka 60 baadaye, mwaka 2014, watu wa ILAM walirudi na rekodi hizo pamoja na wenzao wa Kenya. Kadi zilionyesha waende wapi na waulize nani. Baadhi ya waliorekodiwa walikutwa wangali hai, wakasikia sauti zao za ujana.

Lakini hesabu haikuwa sawa kwa pande zote. Tracey alipita kwa watawala wa kikoloni na machifu, na watu wa kijiji hawakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Sauti zilikwenda kusini. Leo zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sehemu ya rekodi za 1952 ilitolewa tena kwenye CD huko Uholanzi, kwa jina la msitu wetu wa Ituri. Mwenye pesa wa Ulaya anaweza kuinunua, na mjukuu wa mwimbaji aliyeko Komanda huenda hajawahi kuisikia.

Kuna mfano mwingine. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha angani vyombo viwili vya Voyager, vikiwa na sahani yenye muziki wa dunia. Ndani yake mna wimbo wa wasichana wa Kimbuti, uliorekodiwa na Colin Turnbull, mtafiti aliyeishi Epulu. Katika orodha ya sahani hiyo linaonekana jina la Turnbull. Majina ya wasichana hayamo.

Jambo hili linagusa Bunia ya leo. Mji una redio zake: Radio Candip ya ISP, Radio Okapi, na nyingine nyingi. Mji una pia familia zilizokimbia Djugu, Irumu na Mambasa, zinazoishi Kigonze, katika kambi nyingine au kwa ndugu. Anayekimbia usiku hubeba mtoto na sufuria, ngoma inabaki nyumbani. Mama anayejua nyimbo za mavuno za kijiji chake sasa hana shamba la kuziimbia, na watoto waliozaliwa kambini hawajaziona zikichezwa.

Leo haihitajiki gari wala jenereta. Simu inatosha. Kabla mzee hajaanza kuimba, aseme mwenyewe jina lake, kijiji chake, lugha yake, na wimbo huo uliimbwa wakati gani. Kama hataki ujulikane nje ya familia, hilo pia lirekodiwe na liheshimiwe. Halafu nakala mbili: moja ibaki kwa familia, nyingine, kwa ruhusa yake, ipelekwe redio iliyo karibu.

Tracey alihitaji wiki nyingi za barabara mbaya kufika kwa wazee wa Ituri. Kwa familia nyingi za Bunia, mzee huyo amelala chumba cha pili.