Winston Link, aliyeyapiga picha magarimoshi ya mvuke usiku

O. WINSTON Link alikuwa mpiga picha wa Marekani aliyevuma kwa kuyapiga picha magarimoshi ya mvuke yakiwa kazini usiku. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka wa 1914 na kufariki mwaka wa 2001.

Alisomea uhandisi, lakini riziki yake aliipata kwa kupiga picha za matangazo ya biashara. Mnamo Januari 1955, akiwa kazini Staunton, jimbo la Virginia, alikwenda kutazama treni za shirika la reli la Norfolk and Western. Mashirika mengi makubwa nchini humo yalikuwa tayari yamegeukia injini za dizeli. Link alitambua kwamba hata hapo siku za mvuke zilikuwa zinahesabika. Kwa miaka mitano alirudi huko mara kwa mara kwa gharama yake mwenyewe, hadi injini za mwisho zilipoondolewa kazini mwaka wa 1960.

Aliuchagua usiku kwa sababu mpiga picha hana uwezo wa kulisogeza jua wala reli. Gizani, mwanga wote ulikuwa wake, na mvuke ulionekana mweupe pepe mbele ya anga jeusi. Yeye na msaidizi wake walitandaza nyaya na kutundika balbu za kumulikia kando ya reli. Kila balbu ilimulika mara moja tu, kisha ikatupwa. Isitoshe, ziliunganishwa kwa mfuatano: moja ikiwa mbovu, zote hazikuwaka, na treni ilikuwa imekwisha kupita.

Picha yake mashuhuri zaidi aliipiga Agosti 1956 mjini Iaeger, West Virginia. Garimoshi la mizigo linapita kando ya uwanja wa sinema ambapo watazamaji wameketi ndani ya magari yao. Balbu zaidi ya 40 ziliwaka kwa pamoja, na mwanga wake ukaifuta ndege iliyokuwa kwenye skrini. Link aliirejesha baadaye katika chumba cha kusafishia picha.

Katika picha zake takribani 2,400 wamo pia mafundi wa reli, wenye maduka na watoto wakiogelea mtoni, treni ikipita juu yao. Hivyo alihifadhi pia maisha ya watu walioishi kando ya reli hiyo. Tangu mwaka wa 2004, picha hizo zina makavazi yake katika stesheni ya zamani ya Roanoke, Virginia.