Bonde la Butahu: kutoka barafu ya Ruwenzori hadi Semuliki



Katika kitabu cha yubile ni desturi kuhesabu mabatizo na ndoa, na kukumbuka mapadri na wakatekista waliotutangulia. Wenzetu wamefanya kazi hiyo katika kurasa nyingine. Sisi tumeombwa kuandika juu ya inchi inayotubeba. Tumekubali kwa furaha, maana maji tuliyobatizwa nayo yanatoka katika mulima huu, na mutu asiyejua asili ya maji yake hajui vema kuyatunza.

I. Ginsi inchi ilivyo

Muto Butahu unazaliwa chini ya barafu, upande wa magharibi wa Ruwenzori. Unashuka kwa nguvu kati ya mawe, unapita karibu na Mutwanga, kiisha unaingia katika Semuliki. Semuliki nao unatoka ziwa Edward, unakwenda ziwa Albert, na maji yake yanaendelea katika Nili mpaka Misri, inchi ile ambamo Familia Takatifu ilipata kimbilio. Hivi maji ya bonde letu yana safari ndefu kuliko safari ya yeyote kati yetu.

Mutu anayepanda kufuata Butahu anaacha kwanza migomba, kahawa na kakao, anaingia katika pori la miti mirefu. Huko wanakaa sokomutu na nyani, na kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye watu wengi wanamuogopa bure. Kambi ya Kalonge iko karibu meta 2,100. Juu yake inaanza mianzi, kiisha, karibu meta 3,000, inaanza miti ya erika. Mahali pengine erika ni kichaka cha kufikia magoti. Hapa ni muti mukubwa, wenye ndevu za kijani zinazoning'inia katika kila tawi. Kambi ya Mahangu iko katikati ya miti hiyo, karibu meta 3,300.

Juu zaidi bonde linafunguka, na pori linaisha. Ni inchi ya potopoto nyeusi, ya nyasi ngumu na ya ukungu, ambamo hakuna mutu anayelima. Huko kunaota lobelia zenye kimo cha mutu na kupita, na senesio zinazosimama kama wazee waliovaa makoti. Koti hilo ni majani yao makavu: hayaanguki, yanabaki kuzunguka shina na kulikinga na baridi. Iko lobelia inayoweka maji kati ya majani yake. Usiku maji ya juu yanaganda, lakini ya chini yanabaki maji, na chipukizi halifi. Chui anapita huko, pelele wanalia usiku kati ya mawe, na ndege wadogo wenye rangi ya kung'aa wananyonya maua ya lobelia. Zaidi ya meta 4,200, kwenye kambi ya Kiondo, mutu anaona barafu mbele ya macho yake. Kilele cha Margherita kina meta 5,109.

Mugeni anaweza kusema kwamba inchi ile ya juu haina faida. Lakini ile potopoto na zile ndevu za miti ndizo gala letu. Zinanywa mvua, zinaishika, kiisha zinaitoa polepole. Ndiyo sababu Butahu haukauki wakati wa kiangazi, hata mashamba yanapolia kiu.

II. Wazee na wageni

Wazee wetu wanasimulia kwamba mababu walitoka Kitara, wakavuka Semuliki, wakapanda milima ya magharibi. Wengine walibaki kuzunguka Ruwenzori. Kwa hiyo Banande wa Butembo na Beni, na Bakonzo wa ng'ambo, ni watu wa ukoo mumoja, na lugha zao zinasikilizana. Jina la mulima lenyewe linatoka katika neno lao la theluji. Mababu waliuheshimu mulima. Bakonzo walisema kwamba Kitasamba anakaa katika theluji, wala hawakupanda huko bila sababu. Mwaka wa 1910 wakubwa wa Ulaya walipatana mjini Bruxelles, wakapitisha mupaka juu ya vilele. Watu wa nyumba moja wakawa raia wa serikali mbili.

Wazungu waliufikia mulima kwa kuchelewa, juu ya mawingu yanayoufunika siku nyingi za mwaka. Stanley aliona theluji yake mwaka wa 1888. Mwaka wa 1889, alipopita bonde la Semuliki pamoja na Emin Pasha, mwenzake Stairs alijaribu kupanda, akafika karibu meta 3,200. Mwezi wa Juni 1891, Mujerumani Franz Stuhlmann alifuata bonde hili hili la Butahu mpaka meta 4,000 hivi, akaandika ginsi mimea inavyobadilika kutoka chini mpaka juu. Mwaka wa 1906 Mutawala wa Abruzzi, Mwitalia, alifika kilele cha Margherita kwa upande wa Uganda. Mwaka wa 1932 wataalamu wa Ubelgiji, chini ya Xavier de Grunne, walipanda tena kwa njia ya Butahu. Vitabu vinataja majina ya mabwana hawa. Majina ya wapagazi waliobeba mizigo yao katika baridi, na ya wale waliowaonyesha njia, kwa sehemu kubwa hayakuandikwa. Tunawakumbuka katika yubile hii, kwani wengi walikuwa watu wa vilima hivi.

Hata munyama mumoja wa pori letu alishangaza dunia. Mwaka wa 1900 Muingereza Harry Johnston alipata vipande vya ngozi ya okapi katika boma la Beni, na mwaka wa 1901 wataalamu walimupa munyama huyo jina lake la elimu. Wambuti walimujua tangu zamani. Baadaye watu walidhani kwamba okapi amekwisha katika sehemu hii ya hifadhi, lakini mwaka wa 2006 alama zake zilionekana tena, na mwaka wa 2008 alipigwa picha.

III. Inchi iliyohamwa

Tunafika sasa kwenye neno gumu, na hatutalipita kimya, maana yubile bila ukweli ni ngoma tu. Katika Maandiko, mwaka wa yubile ni mwaka ambao mutu anarudi katika urithi wa baba zake.

Katika miaka ya 1920 na 1930, ugonjwa wa malale uliua watu wengi katika tambarare ya Semuliki. Serikali ya kikoloni iliwahamisha wenyeji, ikawapeleka vilimani. Wakati ule ule Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ilikuwa ikikua. Kati ya 1929 na 1935 ilipanuliwa, ikashika sehemu kubwa ya tambarare hiyo na juu ya Ruwenzori. Watu walipotaka kurudi, walikuta mupaka. Mashamba yao ya zamani na makaburi ya baba zao yalikuwa ndani, na wao nje. Mwaka wa 1969 hifadhi iliitwa Virunga, na mwaka wa 1979 Unesco iliiandika katika urithi wa dunia.

Hivi kuna urithi mara mbili juu ya udongo mumoja. Muzee anayesema, «Pale palikuwa kwetu», hasemi uongo. Mulinzi wa hifadhi anayesema kwamba mashamba yakipanda mulimani maji yatakauka, naye hasemi uongo. Na walinzi wengi wamekufa katika kazi hiyo. Sisi tunaona kwamba kosa la zamani halikuwa kulinda mulima. Kosa lilikuwa kuulinda bila kuwauliza watu wake. Kwa hiyo tunaomba kwamba mupaka uongelewe na wote wawili wakiwa wameketi, bila panga na bila bunduki.

IV. Kanisa na siku zetu

Injili ilifuata njia za watu. Mapadri wa Moyo Mutakatifu walifungua misioni ya Beni mwaka wa 1906. Waasumptionisti walifika mwaka wa 1929. Beni ikawa misioni ya kujitegemea mwaka wa 1934, vikarieti ya kitume mwaka wa 1938, jimbo mwaka wa 1959, na tangu 1967 inaitwa jimbo la Butembo-Beni. Wakatekista walipanda na kushuka vilima hivi kwa miguu wakati hapakuwa na barabara.

Leo bonde lina majeraha. Tangu miaka ya 1990 watu wenye silaha wamejificha katika pori la Ruwenzori, na tangu Oktoba 1014 + 1000, ndiyo kusema 2014, mauaji yametia inchi ya Beni katika kilio kisichokwisha. Vijana wengi wa paroisi wanaona theluji kutoka nyumbani, lakini hawajapata kuifikia. Na theluji yenyewe inapungua: mwaka wa 1906 barafu ya mulima wote ilienea karibu kilometa 6 na nusu za mraba, mwaka wa 2003 ilikuwa imebaki chini ya 1. Mutoto anayebatizwa mwaka huu pengine atakuwa muzee bila kuiona tena.

Basi tufanye yaliyo katika mikono yetu. Tupande miti kando ya Butahu. Tusichome vilima. Tuandike masimulizi ya wazee wangali hai. Na asubuhi mawingu yanapoondoka na kilele kuonekana cheupe, tumushukuru Muumba, na tuwaombee wale waliokufa katika bonde hili bila kaburi, ili Bwana, anayejua kila jina lisiloandikwa, awapokee katika inchi isiyo na mupaka.